Kiti Rahisi, Kitanda Ghali: Gharama za Kwenda Kuona Bendi za Jeshi Edinburgh

Kila Agosti, kwa wiki tatu na ushee, uwanja ulio mbele ya ngome ya Edinburgh huwa mali ya bendi za kijeshi: zumari za mfuko, ngoma, tarumbeta, wachezaji wa Kiskoti na vikosi vya wageni kutoka pande zote za dunia. Onyesho hilo, Royal Edinburgh Military Tattoo, lilianza rasmi mwaka 1950, na mwaka 2025 lilitimiza miaka 75. Watu wapatao 220,000 hulipia viti kila msimu. Wengi wao hukesha mtandaoni wakipima kiti hiki na kile, tofauti ya pauni 30 au 40, kisha wanakwenda kulala mahali panapowala mara tatu ya fedha hiyo bila kuuliza swali hata moja.

Kwa hiyo tuanze na kitanda.

Agosti ndiyo Edinburgh inapofurika. Tamasha la kimataifa la sanaa na lile la Fringe, yote mawili ya tangu mwaka 1947, huangukia mwezi huohuo, na wasanii, waandishi na watalii wote wanagombea vyumba vilevile. Chumba cha hoteli ya kawaida ambacho Februari unakipata kwa pauni 70 au 80 huuzwa 200 na zaidi. Hata kitanda kimoja cha hosteli, ndani ya chumba cha watu wanane wanaokoroma kwa zamu, kinaweza kufika pauni 60. Juu ya hapo manispaa imeweka ushuru wa wageni: asilimia 5 ya bei ya malazi kwa wanaolala mjini kuanzia tarehe 24 Julai 2026, ukikatwa kwa siku tano za mwanzo tu. Ushuru wenyewe haumfilisi mtu, ila unaongezeka juu ya bei ambayo tayari imepanda, na ni vizuri kuuliza kama umeshahesabiwa ndani ya bei uliyoonyeshwa. Kwa msomaji aliye nyumbani: mwaka 2025 pauni moja ilizunguka kwenye shilingi 170 na kitu za Kenya, na kati ya 3,000 na 3,600 za Tanzania.

Sasa hesabu. Tuseme mko wawili, mmekata tiketi za pauni 60 kila mmoja, na mnalala hotelini Edinburgh usiku mmoja kwa pauni 220. Tiketi 120, chumba 220, ushuru 11: jumla pauni 351 kabla hamjala hata sambusa. Wawili haohao wakiwa na ndugu Glasgow wa kuwapa godoro, wanakwenda kwa treni. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 kampuni ya ScotRail imefuta nauli za saa za msongamano. Kwenda na kurudi kati ya Glasgow na Edinburgh, safari iliyokuwa ikigharimu pauni 32.60 kwa saa hizo, ikashuka hadi 16.80 kwa saa zote. Tiketi 120, treni 33.60: jumla pauni 153.60. Tofauti ni karibu pauni 200. Kwa fedha hiyo mngeweza kukaa viti bora kabisa vya uwanja mzima na bado mkala vizuri.

Asiye na ndugu Glasgow naye ana pa kwenda. Linlithgow na Falkirk ziko kwenye njia hiyohiyo ya reli, dakika 20 hadi 30 kutoka Edinburgh, na hoteli zake hazina wazimu wa Agosti kwa kiwango kile. Ukivuka ghuba ya Forth kwa treni unaingia Fife, na mji kama Kirkcaldy uko chini ya saa moja. Kwa anayesisitiza kulala Edinburgh yenyewe, mabweni ya chuo kikuu hukodishwa wanafunzi wakiwa likizo. Yale ya Pollock Halls, pembeni ya kilima cha Arthur's Seat, yako mwendo wa nusu saa kwa miguu hadi mjini kwa mtu asiye na haraka. Vyumba ni vya kawaida tu, meza ya kusomea na kitanda chembamba, lakini ni safi na huwa chini ya hoteli ya jirani.

Kulala nje ya mji kuna mtego mmoja, nao ni saa. Katika misimu ya karibuni, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa onyesho huanza saa 3:30 usiku. Jumamosi huwa mawili, la saa 12:15 jioni na la saa 3:30 usiku, Jumapili hakuna. Onyesho huchukua kama dakika 100 bila mapumziko. Maana yake la usiku linakwisha baada ya saa 5, na treni ya mwisho ya kawaida kwenda Glasgow huondoka stesheni ya Waverley karibu saa 5:30. Katikati ya hapo kuna watu zaidi ya 8,000 wanaotoka kwa pamoja kupitia barabara ya Castlehill, ambayo malori mawili yangepishana kwa shida. Mzee mwenye magoti mabaya hafiki. Kijana akikimbia kwenye mawe yale yaliyolowa, labda. Mwezi wa tamasha hupatikana treni za ziada siku fulani fulani, na zinafaa kutazamwa kwenye ratiba kabla ya kukata tiketi ya onyesho, si baada yake. Kuna pia basi la Citylink namba 900, linalokwenda Glasgow usiku kucha kutoka kituo cha mabasi karibu na St Andrew Square. Si la anasa, lakini halijali kwamba umechelewa.

Wenye watoto wadogo na wenye wazee ningewaelekeza kwenye Jumamosi ya saa 12:15. Saa 2 usiku mmemaliza, mnatembea taratibu, mnapata treni bila presha. Lakini mjue mnachoacha. Uskoti Agosti jua linachelewa kuzama: mwanzoni mwa mwezi ni baada ya saa 3 usiku, mwishoni karibu saa 2 na robo. Onyesho la jioni kwa hiyo hupita mchana kweupe. Picha za mwanga zinazotupwa kwenye kuta za ngome hazionekani sawasawa, mienge haina kazi, na yule mpiga zumari anayesimama peke yake juu ya boma mwishoni, ambaye usiku humulikwa yeye tu, anakuwa mtu aliyesimama juu ya ukuta. Muziki ni uleule, nidhamu ya miguu ni ileile. Anayekwenda kwa ajili ya bendi hapotezi kitu. Anayekwenda kwa ajili ya ngome na giza lake, asubiri onyesho la usiku na alipie usafiri wake.

Ndipo tunafika kwenye viti. Uwanja ni mrefu na mwembamba, una majukwaa matatu ya watazamaji. Jukwaa la mashariki linatazamana na lango la ngome. Bendi zikitoka langoni zinakuja moja kwa moja usoni pako, na hivyo viti vyake vya katikati ndivyo vya bei ya juu. La kaskazini na la kusini yako ubavuni, yanatazamana. Bei za misimu ya karibuni zimeanzia kati ya pauni 30 na 40 kwa viti vya pembezoni, zikapanda hadi kupita 100 kwa vile vinavyopendwa, na siku za katikati ya wiki kwa kawaida huwa nafuu kuliko Ijumaa na Jumamosi. Juu ya hapo kuna vifurushi vya chakula na vinywaji vinavyofika mamia ya pauni. Hivyo sina la kuvisifia: unalipia mlo wa jioni kwenye mji uliojaa mikahawa, kisha unakaa kwenye mvua ileile na wenzako.

Binafsi nakipenda kiti cha ubavuni, katikati ya jukwaa la kusini au la kaskazini, safu za juu kidogo. Wengi huona jukwaa la mashariki ndilo bora kwa sababu picha zote za matangazo hupigwa kutoka huko. Lakini ukikaa mbele ya bendi unaona safu ya kwanza na vichwa vya wengine. Ukikaa ubavuni na juu, unaona jinsi mistari inavyogawanyika, inavyopenyana na kurudi kuwa mmoja, na hapo ndipo ufundi wa gwaride ulipo. Wapiga zumari na ngoma zaidi ya mia moja wakigeuka kwa pamoja, sketi zao zinapinda upande mmoja na mguu haukosi. Viti vya rahisi kabisa, vile vya mwisho upande wa ngome, vina faida ambayo haitajwi sana: bendi zinapita hatua chache kutoka kwako zikiingia na kutoka, unaona mashavu ya mpiga zumari yakijaa na jasho likimtiririka chini ya kofia ya manyoya. Gharama yake ni shingo, maana mambo mengi yanafanyika kushoto au kulia kwako, na kuta za ngome unazitazama kwa pembeni. Kwa mtoto wa miaka kumi, kiti cha pauni 35 karibu na lango kina raha kuliko cha pauni 100 huko mbali.

Viti vyenyewe ni vya plastiki, vimebanana, na kufika safu za juu ni ngazi tupu. Anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeweza kupanda aseme wakati wa kununua; akifika langoni ndipo aseme, atakuwa amechelewa.

Na hakuna paa. Hili wenye asili ya Pwani hawaliamini hadi liwakute. Onyesho haliahirishwi kwa mvua. Kwa miaka mingi waandaaji walijivunia kwamba hali ya hewa haijawahi kulifuta, hadi Agosti 2025 dhoruba ya Floris ilipofuta onyesho la usiku mmoja; miaka miwili lililokosekana kabisa, 2020 na 2021, ilikuwa kwa sababu ya korona. Kunyeshewa hakurudishi fedha. Miavuli hairuhusiwi kufunguliwa kwa sababu inawaziba walio nyuma. Kwa hiyo gharama moja ndogo ambayo si ya hiari ni koti la mvua lenye kofia. Linunuliwe mapema dukani kwa bei ya kawaida. Mitaa inayopanda kwenda ngomeni inajua kabisa mtu aliyelowa atalipa kiasi gani. Ongeza soksi nzito na kitu cha kukalia. Agosti ni kiangazi kwa jina, lakini saa 4 usiku, juu ya mwamba ule wenye upepo wa bahari, utavuta blanketi.

Nilipata kukaa jirani na mama mmoja wa Tanga, mgeni wa mwanawe anayefanya kazi Dundee. Manyunyu yalipoanza, wahudumu walipita wakiwaambia watu wakunje miavuli. Mama akatoa khanga kwenye mkoba, akajifunika kichwa na mabega.

"Mama, vaa hilo koti la plastiki nililokununulia."

"Koti lako lina kelele, mwanangu. Nikijitikisa tu sisikii ngoma."

"Utalowa."

"Nitakauka. Wewe tazama huyo mwenye chui."

Mwenye chui alikuwa mpiga ngoma kubwa aliyevaa ngozi ya chui begani, mkono mmoja ukirusha fimbo yenye kishungi hewani na kuidaka bila kukosa pigo. Kuhusu koti mama alikuwa na hoja: yale mepesi ya plastiki hupiga kelele mvua ikiyagonga. La kitambaa kisichopitisha maji linagharimu zaidi, ila litakufaa miaka.

Mpaka hapa nimezungumza na aliyeko Uingereza tayari. Aliyeko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura ana hesabu nyingine kabisa. Visa ya matembezi ya Uingereza ilikuwa pauni 127 mwaka 2025, na ukinyimwa hairudi. Tiketi ya ndege kutoka Nairobi kwenda na kurudi London mwezi wa Agosti, Wazungu wakiwa likizoni na ndege zimejaa, si ajabu ikapita dola 900, na bado hujafika Edinburgh. Kutoka London treni ya kawaida huchukua saa nne na nusu hivi. Tangu Oktoba 2021 kampuni ya Lumo imeleta ushindani kwa nauli za chini kwa wanaokata mapema, na basi la usiku huwa rahisi zaidi kwa mwenye mgongo mzima. Ukijumlisha, kiti cha pauni 60 kinakuwa senti za mwisho kwenye hesabu ya milioni. Kufunga safari kwa ajili ya onyesho peke yake simshauri mtu. Kama unakwenda mahafali ya mtoto au arusi ya ndugu na tarehe zinakaribiana, hapo sawa, sogeza safari kwa wiki moja. Ila usikate tiketi ya onyesho kabla visa haijatoka, maana kuchelewa kwa visa si sababu ya kurudishiwa hela.

Na ukiwa umeshafika Uskoti, usidhani Edinburgh ndiyo njia pekee. Katikati ya Agosti, kwenye bustani ya Glasgow Green, hufanyika mashindano ya dunia ya bendi za zumari. Yamekuwa Glasgow tangu mwaka 1986, na hukusanya karibu bendi 200 kutoka Uskoti, Ireland ya Kaskazini, Kanada, Australia na kwingineko. Kiingilio cha kawaida huwa chini ya nusu ya kiti cha wastani cha Edinburgh, na unakaa kutwa nzima. Hakuna ngome, mizinga wala fataki. Hii si shughuli ya jeshi hasa. Bendi nyingi ni za raia, vijana na polisi. Lakini muziki wenyewe, kwa sikio langu, uko juu zaidi, kwa sababu hapa bendi zinapigania pointi, majaji wanazunguka na kalamu, na noti moja ikiteleza inaandikwa. Kitamu zaidi hakipatikani hata jukwaani. Ni kule nyuma kwenye majani, ambako kila bendi inajipasha kwenye duara lake na wewe unasimama hatua mbili kutoka kwa mpiga ngoma, bure, mpaka uchoke. Familia ya watu watano yenye bajeti nyembamba, naipeleka Glasgow bila kusita.

London nayo ina ya bure. Kubadilishana zamu kwa walinzi nje ya Buckingham Palace, kwa kawaida Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili saa 5 asubuhi, hakulipiwi. Kunalipiwa kwa miguu, maana ukifika saa 5 kamili utaona migongo ya watu. Gwaride la Juni la siku rasmi ya kuzaliwa kwa mfalme, Trooping the Colour, lina viti vinavyogawiwa kwa bahati nasibu ya maombi ya mapema mwaka. Wenye akili huomba viti vya mazoezi ya wiki zilizotangulia: askari walewale, bendi zilezile, farasi walewale, bei ndogo, anayekosekana ni mfalme. Na kwenye uwanja wa gwaride hilo, Horse Guards, kiangazi hufanyika jioni za Beating Retreat, saa moja hivi ya bendi za walinzi wa mfalme, kwa tiketi za chini kuliko za Edinburgh. Wanaoishi kusini au katikati ya Uingereza, Reading au Leicester, wakiondoa gharama ya kwenda Uskoti na kulala, jioni hiyo inawatosha.

Bara la Ulaya linajibu kwa Basel, Uswisi. Basel Tattoo ilianza mwaka 2006 katika ua wa kambi ya zamani ya jeshi mjini, hufanyika Julai, na wengi huiweka ya pili duniani baada ya Edinburgh. Tiketi si rahisi. Ni makumi ya faranga kwa viti vya chini, zikapanda kupita mia. Uswisi kila kitu kina bei yake, hata maji. Lakini Basel ina siri ya jiografia ambayo Edinburgh haina: iko mpakani. Tramu namba 3 inakwenda hadi Saint-Louis nchini Ufaransa, na namba 8 hadi Weil am Rhein nchini Ujerumani. Unalala na kula ng'ambo kwa bei za yuro, unapanda tramu ya mjini, unatazama onyesho, unarudi kulala nchi nyingine. Anayelala Basel yenyewe hupewa kadi ya mgeni ya usafiri wa bure mjini. Pia bendi hupita mitaani kwa gwaride moja la hadhara lisilo na kiingilio, na kwa hilo peke yake Waswahili wa Geneva, Strasbourg au Stuttgart wana sababu ya kupanda treni. Kwa anayetoka Afrika Mashariki, visa ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na inafungua nchi nyingine nyingi kwa ada hiyohiyo. Ndiyo maana, kwa mgeni wa mara moja, naiona Basel ina unafuu kuliko Edinburgh ingawa tiketi yake si ndogo.

Halifax, Kanada, ina Royal Nova Scotia International Tattoo tangu mwaka 1979, kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai. Sifa yake kubwa kwa mnunuzi ni moja: iko ndani ya ukumbi. Hulowi, na koti la mvua unaacha nyumbani. Walioko Toronto au Montreal na wanaopanga likizo ya pwani ya Atlantiki waifikirie. Anayetoka nje atalipa dola 100 za Kanada za visa na 85 za alama za vidole.

Muscat ni hadithi ya namna yake. Sultani Qaboos wa Oman alisoma chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza, kisha akatumikia kwa muda katika kikosi cha Waskoti cha Cameronians. Baadaye Oman ikawa na vikosi vya zumari za mfuko, hadi wapiga zumari waliopanda ngamia, jambo ambalo Edinburgh yenyewe haiwezi kukuonyesha hivihivi. Jumba la opera la Muscat, lililofunguliwa Oktoba 2011, limekuwa likiandaa jioni za muziki wa kijeshi katika msimu wake. Na kwa Mzanzibari au mtu wa Mombasa, Muscat ni mji wenye ami na shangazi. Kitanda, kile kilichotutoa jasho Edinburgh, hapa ni godoro la barzani na kahawa juu yake.

Tusisahau kwamba muziki huu wa kijeshi si mgeni kwetu. Ngoma ya beni ya Pwani ilizaliwa kwa kuzitazama bendi za kijeshi, na mjini Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya beni vilivyoshindana vikali viliitwa Kingi na Skochi. Skochi maana yake walewale Waskoti. Babu zetu walishafanya mlinganisho huu, na wao hawakulipa nauli.

Anayetaka gwaride la kweli bila visa, Nairobi ina tarehe 12 Desemba. Siku ya Jamhuri vikosi vya jeshi la Kenya, KDF, hupitisha bendera ya kikosi mbele ya rais kwa utaratibu uleule uliotoka London, bendi ikiongoza kwa mwendo wa pole kisha wa haraka, na kiingilio ni bure. Gharama ni usingizi: mageti hufunguliwa alfajiri na uwanja hujaa mapema. Uwanja nao hubadilika, Nyayo mwaka mmoja, Uhuru Gardens mwaka mwingine, basi usikilize redio kabla ya kupanda matatu. Tanzania bara, 9 Desemba, siku ya Uhuru, si tarehe ya kukatia nauli ya mkoani mapema. Mwaka 2015 sherehe ziligeuzwa siku ya usafi, na mwaka 2022 fedha zake zikapelekwa kwenye mabweni ya shule. Zanzibar 12 Januari, siku ya Mapinduzi, ni ya kuaminika zaidi, iwe Amaan, Unguja, au Gombani, Pemba. Anayetoka Dar ajumlishe boti.

Kwa aliyeamua Edinburgh licha ya yote hayo, kuna mpangilio wa kununua. Tiketi hutolewa mapema sana, tangu vuli ya mwaka uliotangulia, na zinunuliwe kwa waandaaji wenyewe, kwenye tovuti yao au ofisi yao ya mtaa wa Cockburn, nyuma ya Waverley. Kuna walanguzi mtandaoni wanaouza viti vilevile kwa bei maradufu huku ofisini bado vipo. Siku hiyohiyo unayochagua tarehe, shika kitanda kinachoweza kufutwa bila faini, hata kabla ya kulipa kiti. Kiti cha pauni 60 kitapatikana wiki ijayo, chumba cha pauni 90 hakitapatikana. Kisha lipa kiti. Treni ya kutoka London ikatwe mapema, kwa sababu bei yake hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Ile ya Glasgow iache mpaka asubuhi ya safari, kwani nauli ni ileile.